Mrejesho: Ule mti wa mkungu wa barabarani haukatwi

Wakuu, niliuliza kama mwenye duka anaruhusiwa kukata mkungu wa barabarani kwa sababu unaziba bango lake. Mlinishauri nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akamwita afisa misitu wa halmashauri. Jibu: mti ulio kwenye hifadhi ya barabara ni wa umma, haukatwi bila kibali. Yatapunguzwa matawi machache, basi. Mzee wa duka kanuna, ila salamu bado anaitikia.

Kumbe shoka halikuwa hatari pekee. Afisa alituonyesha saruji iliyomwagwa hadi shinani, inayozuia maji na hewa kufika mizizini. Halafu gome limebanduliwa upande mmoja, sijui ni dawa ya nani! Lingebanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani kisingeshuka mizizini, na mti ungekufa polepole ukiwa umesimama.

Kati yenu, aliyetaja mugumo (aina ya mkuyu) wa barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, yuko sahihi: mwaka 2020 ulinusurika kukatwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, baada ya wananchi kupaza sauti. Wetu umeponea kwa mwenyekiti wa mtaa. Saruji tunaivunja Jumamosi, mwenye sururu aje nayo.