Kijana wa mita 800: amalize kidato cha nne au asaini sasa hivi?

MwanaManyara: Wakuu, naomba mawazo bila kejeli. Kuna kijana wa ukoo wetu huku Mbulu, miaka 17, kidato cha nne. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kakimbia mita 800 kwa 1:49, uwanja wa nyasi. Sasa kaja wakala na karatasi: kambi Iten kule Kenya, viatu, posho kila mwezi, yeye achukue asilimia 15 ya kila zawadi. Mtihani ni Novemba, wakala anataka kijana aondoke Septemba. Baba mtu anasema asaini, mama mtu hataki hata kusikia. Nyie mngefanyaje?

KidoleChepesi: 1:49 kwenye nyasi? Saa kashika mwalimu wa michezo? Ongeza sekunde tatu hapo.

MwanaManyara: Nimesema bila kejeli. Saa zilikuwa mbili.

KidoleChepesi: Mbili za mwalimu mmoja?

MzeeWaChuga: Asaini, uzi ufungwe. Emmanuel Wanyonyi, Mkenya wa mita 800, alikuwa mchunga ng'ombe, shule kaiacha kwa umaskini. 2021 bingwa wa dunia wa vijana pale Nairobi, Olimpiki ya Paris 2024 dhahabu kwa 1:41.19, ndiyo kwanza katimiza miaka 20. Mbio hizi ni za ujana, shule ipo siku zote. Tatizo humu mnasikiliza watu wa pwani, ambao mbio wanazozijua ni za kuwahi urojo.

BintForodhani: Urojo umeingiaje humu? Na huyo mkimbiaji wetu wa zamani Filbert Bayi utakayemtaja sasa hivi, shule zake ziko wapi? Kibaha. Mkoa wa Pwani.

MzeeWaChuga: Kukaa pwani si kuwa wa pwani. Bayi ni wa Karatu, hewa ya milimani ndiyo iliyompa rekodi ya dunia kule Munich.

RahaLeo: Munich ilikuwa 1972. Rekodi ya mita 1500 ni Christchurch, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, 3:32.2, John Walker yuko nyuma yake. Ikadumu mpaka Mwingereza Sebastian Coe alipoivunja 1979.

MzeeWaChuga: Munich, Christchurch, kote Ulaya tu.

RahaLeo: Christchurch iko New Zealand, mzee wangu.

MzeeWaChuga: Alishinda au hakushinda?

MtotoWaKaptagat: Mimi Mkenya, nimekaa kambini. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mkataba unasema nini! Hiyo asilimia 15 ni kawaida. Uliza ni wa miaka mingapi, akiumia nani analipa hospitali, na kampuni ya viatu itampunguzia nini msimu akikosa kukimbia. Kambi niliyokaa, vijana walitia sahihi Kiingereza wasichokielewa. Na awe macho na sindano za "vitamini". Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa 1500 mara tatu, alifungiwa miaka minne 2019 kwa dawa za kuongeza nguvu.

KidoleChepesi: Sindano ni zenu huko. Mtanzania wetu Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni mashindano ya dunia Tokyo 2025 bila makandokando.

MtotoWaKaptagat: Hongereni, dhahabu yenu ya kwanza kabisa mashindano ya dunia. Sisi Tokyo hiyo hiyo tulirudi na saba.

KidoleChepesi: Kelele za jirani hizo.

BintForodhani: Simbu mwenyewe kaipata ana miaka 33. Huyu mtoto akingoja miezi miwili afanye mtihani, kachelewa nini?

MzeeWaChuga: Marathoni si 800. Na la urojo hujalijibu.

JichoKavu: Kuna njia ya tatu, chuo Marekani. Mtanzania Suleiman Nyambui alisoma El Paso, Texas, na medali ya fedha ya mita 5000 akaichukua Olimpiki ya Moscow 1980. Lakini bila cheti cha kidato cha nne hakuna chuo, na akishasaini na wakala akaanza kula zawadi, mlango huo anaweza kuukuta umefungwa.

MzeeWaChuga: Akasome ili iweje? Digrii kabatini, mwenyewe kwenye bodaboda?

DerevaWaUsiku: Mimi nina digrii na ninaendesha bodaboda. Unalipiwa kodi na nani wewe? Ungejua napeleka wangapi hospitali usiku usingefungua mdomo.

MzeeWaChuga: Sikukutaja mtu.

DerevaWaUsiku: Umetaja kazi yangu.

RahaLeo: Jamani, kijana wa watu.

DerevaWaUsiku: Kijana atulie. Huyu mzee kwanza aombe radhi.

MwanaManyara: Wakala kapiga simu sasa hivi. Tusiposaini wiki hii anachukua mwingine, wa Katesh. Baba mtu kashatafuta kalamu. Kuna mwanasheria humu?

MtotoWaKaptagat: Ndugu, anayekuharakisha hivyo ana sababu zake. Piga picha kurasa zote, ficha majina, nitumie nisome leo.

MzeeWaChuga: Usitume! Huyo naye anamtaka kijana.