Kona za reli: spidi tumwachie dereva au mtambo umshikie breki?

Mtu wa Njiro (mleta mada)
Wadau habari za jioni. Juzi kijiweni hapa Arusha tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anasema tangu treni irudi huku 2020 inatambaa tu, wakanyage mafuta bhana, basi linaipita kama imesimama. Mwingine akadakia eti serikali itunge sheria, kila kona spidi yake, dereva akizidisha ni jela moja kwa moja. Mimi siko na huyu wala yule.

Mara ya mwisho napanda kutoka Moshi nilikuwa na chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Treni ikasimama katikati ya kona, nadhani inasubiri ruhusa, nikaona chai imelalia upande mmoja, upande wa ndani ya kona, karibu imwagike na hatutembei! Bibi niliyekaa naye akashika kikapu chake cha parachichi kwa mikono miwili. Ndo nikakumbuka kwamba kwenye kona reli ya nje inanyanyuliwa juu kidogo kuliko ya ndani. Treni ikishika spidi iliyopigiwa hesabu chai inakaa sawa, ikizidisha chai inakimbilia nje, na mabehewa yanataka kuifuata.

Sasa ubaya ni kwamba ile nguvu ya kusukuma nje haipandi taratibu, ukizidisha spidi mara mbili yenyewe inapanda mara nne. Hispania tarehe 24 Julai 2013, kona ya Angrois karibu na Santiago de Compostela, ruhusa ilikuwa kilomita 80 kwa saa, treni ikaingia na kama 179. Piga hesabu, hiyo ni nguvu mara tano ya iliyotakiwa. Wakafa watu 79. Dereva muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anaongea na simu ya kazi na kondakta wake. Je sheria haikuwepo? Ilikuwepo, ile 80 ilikuwa imeandikwa! Kilichokosekana ni mtambo wa kumpunguzia spidi kwa lazima, ule wa kisasa ulikuwa umeishia kilomita chache kabla ya kona. Hoja yangu ni hiyo, kona ya hatari isiachiwe kichwa cha mtu mmoja. Karibuni.

Kijana wa Majengo, Moshi
Mkuu unatuletea Hispania 😂 Hii yetu ni reli ya mita moja, ya Mjerumani, imefika Moshi 1911, nyie Arusha mkasubiri mpaka 1929. Treni ya kukimbia 179 huku iko wapi? Hiyo hela ya mtambo wanunulie kokoto na mataruma, wazibue makalavati. Masika ikichachamaa maji yanabeba tuta zima, hapo mtambo utafunga breki ya nini, ya mto?

Mama Usa River
Mimi nasema afungwe. Mabasi yalipowekewa kifaa cha kufuatilia spidi si madereva wakaanza kuchezea waya? Tena nimeshapanda basi abiria wenyewe wanapiga kelele dereva kanyaga tunachelewa. Bila kuogopa jela mtu hashiki adabu.

Mstaafu wa gengi
Wanangu, nimepiga nyundo kwenye njia ya reli miaka mingi, niwaambie kidogo. Hakuna spidi moja ya kona zote. Kona ina mkunjo wake, ina kimo chake cha reli ya nje, halafu reli hiyohiyo inapita treni ya mizigo ambayo ni nzito na inakwenda polepole. Ukiinyanyua sana reli ya nje ili abiria wakimbie, mizigo inalalia reli ya ndani inaisaga. Kwahiyo namba inatoka kwa injinia wa njia, sio kwa mbunge. Na ile namba ya kwenye kibao ina akiba kubwa, abiria anaanza kuyumba kwenye kiti mapema kabla behewa halijafikiria kupinduka. Hapo ndipo dereva anapozoea vibaya, leo kazidisha kidogo hakuna kitu, kesho tena hakuna kitu.

LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, kazi yao iwe kumuuliza injinia, nionyeshe hesabu ya kona hii, mara ya mwisho umeipima lini? Basi.

Mtu wa Njiro
Shikamoo mzee, hapo kwenye mazoea umemaliza.

Mama Usa River, nakuelewa, ila soma ya Japani. Amagasaki, 25 Aprili 2005, dereva kijana wa miaka 23 alipitiliza kituo, akachelewa kama dakika moja na nusu. Kwao kuchelewa kulikuwa na adhabu, unaondolewa kazini unapelekwa kwenye mafunzo ya kudhalilishwa. Akawa anafukuzia muda, kona ya 70 akaingia na 116, watu 107 wakafa na yeye mwenyewe yumo. Woga alikuwa nao mwingi tu, na ndo uliomkimbiza. Hata Hispania mwaka 2024 mahakama haikumkamata dereva peke yake, na aliyekuwa bosi wa usalama wa mamlaka ya reli alihukumiwa naye, miaka miwili na nusu kila mmoja.

Alafu Philadelphia kule Marekani, Mei 2015, hii inauma zaidi. Kona ya kama 80, treni ikaja na 170, wakafa 8. Upande wa kuelekea kusini wa kona hiyohiyo kulikuwa na mtambo wa kushika breki, wa kuelekea kaskazini haukuwepo, kwasababu waliona huko treni zinakuja na spidi ndogo. Baada ya ajali wakauweka ndani ya siku chache! Siku chache jamani, kitu ambacho kingewekwa miaka yote.

Kijana wa Majengo, kwenye makalavati umenishika, sina jibu, yaanze hayo. Ila hiyo SGR, reli mpya ya kisasa, ya Tanga, Arusha mpaka Musoma inayosemwa kila mwaka ikija kweli haitatambaa, ya Dar kwenda Dodoma tu imejengwa kwa 160. Kona zake zifungwe mtambo kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi.

Kijana wa Majengo, Moshi
Na nauli ikipanda je?

Mtu wa Njiro
Elfu mbili ya kona natoa. Ya kiti cha kulala sitoi 😂

Mama Usa River
Mi bado nasema afungwe, mtambo na jela vyote viwepo. Ila hiyo chai ilimwagika au?

Mtu wa Njiro
Haikumwagika. Bibi aliachia kikapu akadaka kikombe, parachichi mbili zikaenda chini ya kiti na sikuziona tena mpaka Arusha.