Ratcliffe imezimwa: upepo ukilala, nani anawasha taa?

Wakuu, salaam. Niko Nottingham mwaka wa nane sasa. Nikipanda treni kwenda London napita stesheni ya East Midlands Parkway, na dirishani inajaa minara minane minene ya Ratcliffe-on-Soar, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Asubuhi za baridi ilikuwa inamwaga wingu zito, mwanangu akaiita kiwanda cha mawingu. Tangu 30 Septemba 2024 kimya. Mtambo wa miaka ya 1960, megawati 2,000. Hizo sasa zinatoka wapi?

Jibu 1: Mwanao hajakosea, mkuu. Ule ni mvuke wa maji ya kupozea; moshi ulipitia bomba refu la pembeni. Na kile kizee miaka ya mwisho kiliamshwa kwa nadra tu, baridi ikibana. Pengo limezibwa na gesi, upepo, nyuklia, na nyaya zilizopita chini ya bahari kutoka Ufaransa na Norwei.

Jibu 2: Msisahau uzito. Rota, yaani ule mhimili wa jenereta wa tani nyingi unaozunguka mara 3,000 kwa dakika, haisimami ghafla. Mtambo mwingine ukizimika ghafla, inazuia mdundo wa umeme wa gridi (hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde) usiporomoke haraka kwa sekunde chache, mitambo mingine ijipange. Paneli ya jua haina cha kuzungusha. Ndiyo maana Uingereza wanasimika magurudumu mazito yanayozunguka bila kuchoma chochote.

Muulizaji: Kumbe! Asanteni. Ila gesi nayo si inachomwa vilevile? Na bili yangu ya Januari haijashuka hata peni moja.