Macho ya panya yanarudi kutoka maabara ya pamoja retina imebanduka: kosa la nani?

Kazi_ya_Retina:
Wakuu, habari. Tunatumia maabara ya pamoja ya watafiti wa macho chuoni. Tunaloweka macho ya panya kwenye paraformaldehaidi 4% (dawa ya kuhifadhi tishu) usiku kucha, kisha mafundi wa histolojia wanayazamisha kwenye nta ya parafini na kuyakata mikroni 5. Slaidi zinarudi retina imeachana na ukuta wa jicho na lenzi imekuwa chengachenga. Lawama zimeanza kuwaendea mafundi. Ni kweli kosa lao? Na tutajuaje kama si ugonjwa wenyewe?

Kisu_cha_Maikrotomu:
Mkuu, waacheni mafundi wa watu. Jicho limeharibika kabla halijawafikia. Paraformaldehaidi inapofuatwa na alkoholi na nta, retina na ukuta wa nje husinyaa kwa viwango tofauti, na mshiko dhaifu kuliko yote uko kati ya vipokezi vya mwanga na tabaka la seli zenye rangi. Panapoachia ni hapo.

Kwa parafini tumieni dawa ya Davidson: fomalini ya 37% sehemu 2, ethanoli tupu 3, asidi ya asetiki isiyozimuliwa 1, maji 3. Yaani kwa ml 900: 200, 300, 100, 300. Changanyeni ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Jicho liingie zima, bila kutobolewa, likae saa 24, kisha lihamie ethanoli 70% na lisubiri humo. Msilisahau kwenye Davidson wikiendi nzima, tishu hukakamaa.

Wakati wa kulitoa, pitisha koleo lililopinda nyuma ya jicho na ukate neva. Ukilivuta au kulibinya, hakuna dawa itakayokuokoa. Kabla ya hapo weka alama ya wino upande wa juu, pembeni mwa konea, na uiandike kwenye fomu. Bila alama fundi anakata kwa kubahatisha, na unene wa retina utakaopima hautalinganishika kati ya jicho na jicho.

Lenzi ya panya imejaza sehemu kubwa ya jicho, kwa hiyo mipasuko kidogo itakuwepo tu. Omba fundi aulaze uso wa bloku ya nta kwenye barafu yenye maji dakika chache kabla ya kukata.

Tabaka_Kumi:
Kuhusu ugonjwa: angalia nafasi iliyo chini ya retina. Ikiwa tupu, nyeupe kabisa, na chembechembe za rangi nyeusi zimenasa kwenye ncha za vipokezi, hiyo imechanika baada ya kifo. Ukiona majimaji yenye protini yaliyoshika waridi ya eosini (rangi ya kupakia slaidi), seli zenye rangi zimevimba na kusimama kama mawe ya makaburi, na ncha za vipokezi zimeliwa, basi ilibanduka mnyama akiwa hai.

Ila kwa nini kubahatisha? Maabara nyingi za namna hii zina mashine ya OCT, inayopiga picha za tabaka za retina kwa mwanga. Mpigeni panya picha akiwa hai siku ileile. Mwekeeni jeli ya macho mara tu anapolala kwa dawa ya usingizi, maana jicho likikauka au mwili ukipoa lenzi hupata ukungu na picha inakufa.

Kriostati:
Nyongeza muhimu. Kama panya wenu wana GFP (protini inayong'aa kijani), msiguse Davidson: asidi na alkoholi huufifisha mng'ao. Baadhi ya kingamwili za kutia alama kwenye tishu nazo hugoma. Hapo nendeni njia ya baridi: toboeni pembeni mwa konea kwa sindano ya 30G, paraformaldehaidi 4% dakika 15, ondoeni konea na lenzi, rudisheni kikombe cha jicho humo dakika 45 juu ya barafu. Kisha sukrosi 10%, 20%, 30%, kila hatua mpaka kikombe kizame. Kikielea, hakijaiva. Gandisheni haraka kwenye isopentani iliyopozwa kwa barafu kavu. Mgando wa polepole huacha matundu kwenye tabaka za viini ambayo mtu huyadhania kuwa seli zilizokufa. Kata mikroni 12, kriostati (mashine ya kukatia tishu zilizogandishwa) ikiwa −20 °C.

Kazi_ya_Retina:
Asanteni. Fomu yetu ina kisanduku kimeandikwa "OCT" tu. Tuweke tiki?

Kriostati:
Uliza kwanza! OCT ni ile mashine ya picha, na pia ni ile gundi ya kugandishia tishu. Andika kwa maneno: "picha kabla ya kuua" au "bloku ya baridi".