Tupeane uzoefu: Ni mwiko gani uliuvunja ili kuipinga serikali, na ungeuvunja tena?

Fundi wa Githurai (mwanzisha mada)

Wanajamvi, salamu. Naanza na yangu ili asije mtu akasema nawachimba.

Mimi ni fundi wa simu. Juni 2024, hapa Kenya, Mswada wa Fedha wa kutuongezea kodi ukiwa bungeni, mnakumbuka ile orodha ya nambari za wabunge iliyokuwa inazunguka WhatsApp. Tulikuwa tunaita "kuwasalimia". Dukani nina laini kadhaa za kujaribia simu za wateja, basi nikazipanga nne juu ya kaunta, nikawa nasalimia kati ya mteja na mteja. Mwanzoni kwa heshima zote: Mheshimiwa, tafadhali kataa mswada, mkate umeshatushinda. Juni 20 mswada ukasomwa mara ya pili, 204 wakauunga mkono, 115 wakaupinga. Hapo heshima ikaniisha. Nikamwandikia mbunge mmoja matusi ya nguoni. Nikamtaja hadi mama yake.

Jioni nambari moja ikanipigia. Sauti ya mama mzee, kuku wanasikika nyuma. Akasema, "Mwanangu, mimi si mbunge. Laini hii ni yangu kutoka zamani. Siku ya tatu leo simu inalia usiku kucha." Kumbe kwenye orodha kuna tarakimu moja imekosewa. Kisha akanisomea nilichoandika. Neno kwa neno, polepole, kama mtu anayesoma barua ya shule aliyoletewa na mtoto. Nilitoka nje ya duka nikasimama kwenye mtaro.

Nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Na angekuwa ni yeye kweli, ungemwambia hivi?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, akasema, "Haya, basi mwambie. Lakini mama yake mwache."

Juni 25 nilikuwa barabarani na hilo silijutii hata kidogo. Kuandamana bila silaha si mwiko, ni kifungu cha 37 cha Katiba. Picha za vijana walioingia Bunge wakijipakulia chakula cha wabunge na yule aliyebeba rungu la Bunge zilinichekesha. Usiku huo Githurai ikawa ni milio ya risasi na sikucheka tena. Kesho yake Rais akatangaza hatatia sahihi, na kufika Julai 1 tume ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Kwa hiyo anayeniambia adabu ingetosha, simwelewi. Ila yule mama bado ananisumbua.

Nyinyi je? Sitaki siasa za vyama hapa. Nataka ulichofanya wewe mwenyewe.

Mjukuu wa Nyeri

Shangazi yangu alikuwa kwenye kundi la akina mama waliokaa Uhuru Park, Nairobi, 1992. Kwa wadogo zetu: walikuwa wanadai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akiwa pamoja nao. Walianza Februari 28 kwa kukataa kula. Machi 3 polisi wakaja na rungu na gesi, Wangari mwenyewe akapigwa mpaka akazimia.

Ndipo baadhi ya wale mama wakavua nguo.

Vijana wa leo mnadhani ni kituko. Mama wa umri ule akimvulia nguo mtu anayelingana na mwanawe, hiyo ni laana, na yeye mwenyewe anaibeba pia. Shangazi hakuvua. Alisema alishika kitambaa cha kichwani tu, mkono ukagoma. Aliyekuwa kando yake akavua, na shangazi akamwona askari mmoja kijana akigeuza uso, akaanza kurudi kinyumenyume hadi akajikwaa kwenye mzizi wa mti.

Walihamia kanisa la All Saints na kukaa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa wengi wao walikuwa wameachiliwa.

Jambo ambalo shangazi alilirudia mpaka anakufa ni hili: ilifanya kazi kwa sababu yule askari alikuwa bado na mama. Fundi, nadhani ndicho alichokuwa anakwambia yule mama wa simu.

Duka Luthuli

Mimi nitasema kifupi kwa sababu nikirefusha nitalia. Niliwapelekea maji waandamanaji 2024. Katoni sita, kwa hela yangu. Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja, duka langu likavunjwa, zikabebwa spika, chaji, hadi kiti cha kukalia. Mmoja wa waliobeba alikuwa amejifunga bendera ya taifa mabegani.

Nitaandamana tena? Ndiyo. Maji sipeleki.

Mama wa Kwaya

Kanisani kwetu mwiko ni kuondoka ibada haijaisha, hasa ukiwa umevaa sare ya akina mama. Jumapili moja 2024 akaletwa mwanasiasa, akapewa kipaza sauti, akaanza na "sitaki kuongea siasa hapa madhabahuni". Jamani. Nikasimama, nikatoka katikati ya safu, viatu vinalia ko ko ko kwenye simenti. Nilidhani niko peke yangu. Kufika mlangoni, nyuma yangu kuna watu kumi na kitu, wengine hata siwajui.

Nikaitwa na wazee wa kanisa, nikaambiwa nimewaaibisha mbele ya mgeni. Nikawauliza mgeni wa nani. Askofu Mkuu wetu, Ole Sapit, alishakataza wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu 2021, sasa mvunja mwiko ni nani kati yangu na aliyemkabidhi kipaza sauti? Wakasema tuombe.

Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Anyolo wa Wakatoliki akaagiza mamilioni aliyotoa Rais kwenye kanisa la Soweto, Nairobi, yarudishwe. Mimi Mwanglikana nilipiga vigelegele jikoni.

Nyumba namba 7

Naandika kutoka kota za polisi. Mume wangu ni askari. Juni 25, 2024 alikuwa mji mwingine kabisa, analinda benki, na hakufyatua chochote. Lakini sitawaomba mniamini.

Mama mboga wangu wa miaka sita alifunika sukuma kwa gunia, akasema zimeisha. Nilikuwa naziona. Kwenye chama chetu cha kuchangishana wakanirudishia hela zangu kwa M-Pesa bila neno, nikaona tu ujumbe umeingia, halafu nimetolewa kwenye kundi. Mwanangu wa darasa la tatu akaniuliza "kuua ni nini ambacho baba anafanya". Sijui aliipanga vipi ile sentensi, lakini ndivyo alivyosema.

Nilipofiwa na baba mkwe hakuna jirani aliyekuja matanga. Hapo nataka mnijibu. Kumzika mtu ni siasa?

Duka Luthuli

Dada, pole. Lakini wale 39 nao walikuwa na mama mboga.

Nyumba namba 7

Najua. Mmoja nilimfahamu.

Fundi wa Githurai

Naomba hapa tutulie kidogo. Dada namba 7, mimi ningekuwa jirani yako nisingekuja matanga, nakwambia ukweli wangu wa wakati ule. Leo ningekuja. Sijui ni kwa sababu nimepoa au nimejifunza. Huenda nimepoa tu.

Kijana Goma

Jambo yenu wote. Miye niko wa Goma, kule Congo, musamehe Kiswahili yangu.

Kwetu kulikuwa LUCHA, kikundi ya vijana, walianza 2012, walikuwa wanadai maji na kazi. Sheria yao ilikuwa moja: bapolisi wakikuja, hatukimbie, hatutupe jiwe, tunaikala chini. Inaonekana kitu kidogo. Jaribu siku moja kuikala chini mbele ya mtu mwenye bunduki, utaona vile magoti inakataa.

Lakini mwiko yangu haikuwa ya polisi, ilikuwa ya mama. Tarehe 16 Februari 2016 kulikuwa "mji umekufa", watu wote wabaki nyumbani, juu ya kumuonyesha rais Kabila kama muda wake unaisha. Mama yangu anauza makala (nyinyi munasema makaa). Asubui akatoka na meza. Nikamufuata, nikamuambia funga. Mbele ya batu. Nikakamata gunia na mikono yangu nikarudisha nyumba. Hajawahi mutoto kwetu kumushika mama vitu vyake hivyo.

Siku ile hatukukula mangaribi. Mama alikaa juma nzima hanisemeshe. Watu banasema mji mzima ulifunga, ilikuwa muzuri, na ni kweli ilikuwa muzuri. Lakini miye najua meza moja ilifungwa na nguvu.

Mwalimu wa Mbagala

Huku Tanzania mwiko ni mmoja tu, kumsema mkubwa. Vingine vyote ni matawi yake. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, na VPN, ile programu ya kupenya mtandao uliofungwa, bila kusajiliwa ni kosa. Humu naingia kwa VPN, kwa hiyo hata kuwatakia jioni njema hapa natenda jinai. Jioni njema.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sikwenda kupiga kura wala barabarani. Nilikaa ndani. Mchana intaneti ikakatika, jioni ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili, tukawa tunasikiliza yanayoendelea kwa masikio, bila simu. Mtandao ulirudi baada ya siku tano hivi, tukasoma mshindi kapata asilimia 97.66.

Bibi yangu, ambaye hajawahi kukosa uchaguzi tangu enzi za Mwalimu Nyerere, aliniuliza, "Kura umepiga?" Nikamjibu, "Nimepiga bibi." Akafurahi, akanimegea muhogo.

Sijawahi kumdanganya bibi kabla ya siku ile. Kwa serikali sina deni lolote. Ule muhogo ndio ulionikwama.

Karani 88

Nawasoma tangu jioni. Umri wangu ni wa babu zenu, na mjukuu ndiye ananichapia haya, kwa hiyo makosa ni yake.

Nyote mnasimulia mwiko mliouvunja. Mimi nina ule nilioushika.

Februari 1988 kulikuwa na uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, kwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, wanahesabiwa. Na aliyepita asilimia 70 alikuwa amekwisha kuwa mbunge, hana haja ya uchaguzi wa siri. Nilikuwa mwalimu kijana, nikateuliwa karani wa kituo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri.

Uwanja ulikuwa wa shule yetu. Foleni moja ilianzia kwenye mlingoti wa bendera, ikapita choo cha wasichana, ikapinda hadi mwembe wa tatu. Nyingine mngeweza kuipakia kwenye matatu moja na utingo akaendelea kuita abiria. Nilihesabu kwa kugusa kila mtu bega, maana ndivyo tulivyoagizwa. Nikamgusa bega aliyenifundisha darasa la nne. Nikamgusa mkwe wangu.

Nikaandika hesabu. Msimamizi akaitazama, akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Akatoa nyingine ambayo ilikuwa imeshajazwa. Foleni ya kujaa matatu moja ndiyo iliyoshinda. Akasema, "Mwalimu, weka sahihi." Hakunitisha, hakuinua sauti. Alisema kwa adabu sana, na mimi nikajibu kwa adabu, "Ndiyo bwana." Kalamu yake haikuandika, nikatumia yangu.

Alipotangaza, waliokuwa kwenye foleni ndefu hawakufanya fujo. Walibaki wamesimama tu kwenye mstari, jua kali, kama watu wanaongoja wahesabiwe upya. Mkwe wangu ndiye aliyetoka wa kwanza. Akapita mbele ya meza yangu, akasema, "Kwaheri mwalimu."

Haya, mtaniuliza ningefanya nini. Ningemwaga wino. Ningesema mkono unauma. Ningekwenda chooni nisirudi. Mambo madogo kabisa. Lakini tulilelewa kwamba mkubwa akikwambia weka, unaweka, na mtu wa serikali alikuwa mkubwa kuliko baba yako mzazi. Sikufikiria hata mara moja kwamba kuna kukataa. Niliogopa kukosa adabu kabla sijaogopa kukosa kazi.

Kwa hiyo mama wa kwaya, viatu vyako vilivyolia nimevipenda. Huyu kijana wa Goma, mkaombane msamaha na mama yako ukiwa na nafasi, mimi mkwe wangu hakunipa. Na wewe binti wa kota, ningekuja matanga. Nimekaa upande wa meza aliko mumeo, najua kulivyo baridi.

Fundi wa Githurai

Mzee shikamoo. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mteja amesimama pale kaunta ananisikiliza.

Naomba kuuliza kama si vibaya. Yule mgombea wa foleni ndefu, yuko hai?

Karani 88

Marahaba. Alifariki. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma kabisa. Ilipofika saa ya watu kupanga mstari kutupa udongo, mjane wake akaniona, akaniita nije mbele. "Mwalimu, pita hapa."

Nikapita.

Nyumba namba 7

Asante babu.