Kuchagua njia na ndege katika mafunzo ya urubani wa kijeshi: nipangeje machaguo yangu?

Mwanafunzi wa T-6

Wakubwa zangu wa angani, heshima kwenu. Niko katika mafunzo ya urubani ya Jeshi la Anga la Marekani, nakaribia kumaliza awamu ya T-6, ndege ya mafunzo ya mwanzo, na muda si mrefu nitatakiwa kuwasilisha chaguo langu: ama njia ya T-38, ndege ya mafunzo yenye kasi kubwa, inayoelekea kwenye ndege za kivita na za mabomu, ama njia ya ndege za usafirishaji na za kujaza mafuta angani, ama helikopta. Alama zangu ziko juu kidogo ya wastani wa darasa, kwa hiyo sina hakika ya kupewa ninachoomba, ingawa pia siwezi kusema kwamba ombi langu halitakuwa na uzito.

Kinachonitatiza ni kwamba darasani kwetu karibu kila mtu anasema anataka ndege ya kivita, na anayesema vinginevyo huhesabiwa kuwa ameogopa. Mimi napenda kuruka kwa safu, ubavuni mwa ndege nyingine, na wakufunzi wamenisifu katika hilo. Lakini ninachokifurahia zaidi ni safari ndefu ambayo hali ya hewa inageuka tukiwa njiani, mafuta yanahesabika, na mimi na mwenzangu tunalazimika kuamua upya. Je, niombe T-38 kwa kuwa alama zinaniruhusu, au nifuate hilo la pili? Na je, ni busara kupanga machaguo kwa kubashiri ni ndege zipi zitakazotolewa kwa darasa letu?

Rubani mstaafu wa C-17

Ndugu, swali lako la mwisho ndilo jepesi, nami naanza nalo: usibashiri. Ndege zinazotolewa kwa darasa hutegemea mahitaji ya jeshi na nafasi zilizopo wakati huo katika shule za kila aina ya ndege, na hesabu hiyo huweza kubadilika hata baada ya uvumi kuenea kambini. Anayeweka juu ndege asiyoitaka kwa sababu amesikia itakuwa nyingi anaweza kuipata kweli, na baada ya kuvikwa mabawa, yaani nishani ya kuhitimu urubani, anadaiwa utumishi wa miaka 10.

Kuhusu njia yenyewe, nakushauri uipime kazi ya kila siku kabla ya kuipima ndege. Katika C-17, ndege kubwa ya usafirishaji, kuna marubani wawili na msimamizi wa mizigo, na katika safari ndefu huongezwa rubani mwingine ili watu wapate kupumzika kwa zamu. Unaondoka kituoni ukidhani unarudi baada ya siku chache. Huko njiani kibali cha kupita anga la nchi fulani kinacheleweshwa, uwanja uliotegemea unafungwa, mzigo unabadilishwa, na wewe, pengine ukiwa bado kijana mwenye cheo cha kapteni, ndiye unayeamua kama ndege itapaa au itabaki chini. Agosti 2021, C-17 moja iliondoka Kabul ikiwa na watu 823, wengi wameketi sakafuni, kwa sababu wafanyakazi wa ndege hiyo waliamua kupaa nao badala ya kuwashusha kwa nguvu. Huo ni mfano wa kupindukia, lakini aina ya uamuzi ndiyo hiyo unayoieleza.

Usidhani pia kwamba ukija upande huu utaaga kuruka kwa safu. C-17 hupokea mafuta angani kutoka kwa ndege za kujaza mafuta, KC-135 au KC-46, na kuishikilia ndege kubwa kiasi hicho mita chache nyuma na chini ya nyingine, usiku, penye mawingu na misukosuko, ni kazi inayowatoa jasho marubani wazoefu. Upande wa hasara, usingizi unavurugika kwa kuvuka nchi zenye saa tofauti, kuna saa nyingi juu ya bahari ambazo hazina chochote cha kusisimua, na familia huzoea kusikia kwamba tarehe ya kurudi imesogezwa.

Rubani wa ndege ya kivita ya F-16

Kwa sehemu kubwa nakubaliana na afande aliyetangulia, ila nisingependa uikatae T-38 kwa sababu tu wenzako wanaipigia kelele. Kwanza, T-38 haikuhakikishii ndege ya kivita: wanaohitimu humo huenda pia kwenye ndege za mabomu, na baadhi hubakizwa kuwa wakufunzi. Pili, ndege za mabomu zina mengi ya yale unayosema unayapenda. B-52 huruka na watu watano, safari zake ni ndefu, na maamuzi ni ya pamoja. B-2 ina marubani wawili tu, na Oktoba 2001 moja yao ilikaa angani zaidi ya saa 44 katika operesheni ya Afghanistan. Nashangaa kwamba katika mabishano ya darasani ndege hizi husahaulika kabisa.

Ama ndege ya kivita yenyewe, jiulize kama unapenda kikao cha tathmini kuliko unavyopenda kuruka. Sisemi hivi kwa mzaha. Unaweza kuruka kwa saa moja na nusu, kisha ukakaa saa kadhaa mkirudia kumbukumbu za safari hiyo, kila kosa likitafutiwa chanzo chake, na aliye mdogo kwa cheo akiruhusiwa kumwonyesha mkubwa wake alipokosea. Baada ya kuvikwa mabawa hubaki kozi ya misingi ya mapigano ya angani, kisha kozi ya ndege yenyewe, kisha miaka ya kupanda kutoka rubani wa ubavuni hadi kiongozi wa ndege mbili, wa ndege nne, na hatimaye mkufunzi. Mwanafunzi asiyevumilia kukosolewa kila siku atateseka, hata mikono yake ikiwa hodari namna gani. Mwili nao hulipa: kubeba uzito mara tisa ya uzito wako huku umegeuza kichwa kumtafuta adui nyuma yako si jambo ambalo shingo na mgongo husahau.

Mkufunzi wa awamu ya kwanza

Niongeze mambo ya utaratibu, kwa kuwa ndiyo yanayowaponza wengi. Nafasi yako darasani hutokana na mitihani ya kuruka, alama za safari za kila siku, masomo ya darasani na maoni ya makamanda wako. Kwa hiyo safari zilizobaki bado zina thamani, wala usizitumie kuzunguka ukiuliza nani anataka nini. Fahamu pia kwamba tangu T-1, ndege ya mafunzo ya njia ya usafirishaji, ilipoanza kuondolewa, sehemu kubwa ya mafunzo ya njia hiyo imehamia kwenye simuleta, yaani mitambo ya kuigiza urukaji, na wapo wanafunzi wanaojisikia kupunjwa saa za kuruka. Binafsi naona malalamiko hayo yana msingi, ingawa si sababu ya kuchagua kazi usiyoitaka.

Jambo jingine ni nafasi ya ukufunzi. Kurudishwa kufundisha mara tu baada ya kuhitimu ni jambo la kawaida, nawe utatakiwa kuliweka mahali fulani katika orodha ya ndege utakayojaza baadaye, ukikaribia kuhitimu njia yako. Lipange kwa kufikiri, kwa sababu orodha husomwa mpaka chini.

Rubani wa helikopta za uokoaji

Umeitaja helikopta kwa maneno mawili tu, jambo ambalo nimelizoea. Anayechaguliwa kwenda huko huhamia Fort Rucker, Alabama, na baadaye anaweza kujikuta katika helikopta ya uokoaji ya HH-60W akiruka chini sana usiku, kwa miwani ya kuonea gizani, kwenda kumtoa mtu aliyeangushwa. Kama unataka maamuzi ya pamoja huku mafuta yakihesabika, hapa yapo kila safari, tena ardhi ikiwa karibu. Hasara moja niseme wazi: ukifikiria mashirika ya ndege za abiria baadaye, saa za helikopta hazitakufikisha huko kwa urahisi kama saa za ndege zenye mabawa.

Mwanafunzi wa T-6

Nawashukuru nyote. Naelekea kuweka njia ya usafirishaji kwanza na T-38 ya pili, ingawa habari za B-52 zimenifanya nisite. Je, nimweleze kamanda wa kikosi jambo hili, au ataona sijiamini?

Mkufunzi wa awamu ya kwanza

Mweleze, na ufanye hivyo kabla ya kuwasilisha fomu. Kamanda huzungumza kwa niaba yako katika kikao usichohudhuria, na hawezi kukutetea kwa jambo asilolijua. Mwambie unataka kazi ya pamoja na safari ndefu, kwamba usafirishaji unatangulia, na kwamba ukipelekwa T-38 utaomba ndege za mabomu kwanza. Kituo unachotaka kuishi kitaje mwishoni, akikuuliza.