Majarida ya ami yangu ya vifaru na manowari yamegandana, nifanyeje?

Mkunazini72:

Assalaam alaykum jamaa.

Marehemu ami yangu alikuwa baharia. Akishuka melini wenzangu wanakimbilia tofi, mie nangoja mfuko wa chini kabisa, wa majarida ya wanaounga vifaru na manowari vidogo vya kuigiza. Aliyanunua Uingereza yakiwa yameshasomwa: Military Modelling, lililoanza 1971, na Airfix Magazine, kongwe zaidi, la 1960. Ndani yake mna watu wazima waliokaa miezi kumpaka rangi askari wa sentimita tano, na hawaoni haya hata kidogo. Kwa mtoto wa Mkunazini lile lilikuwa jambo kubwa.

Picha moja sijaisahau. Kifaru kimezama topeni, pembeni nyumba imebomolewa na mizinga, na kwenye meza iliyosalia pana kikombe. Kidogo kuliko punje ya mchele, lakini ndani mna chai! Aliyekitengeneza alitia tone la rangi ya hudhurungi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku ile sijaweza kupita kwenye nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka nisisimame, nikatazama chokaa inavyobanduka na boriti zinavyoning'inia.

Maboksi ya dukani, yenye vipande tayari vya kuunga, hatukuwa nayo. Tulitumia viberiti, makopo ya maziwa na waya za miavuli mibovu. Kifaru changu cha kwanza mzinga wake ulikuwa mrija wa kalamu, na ami alikiweka juu ya redio yake mpaka alipofariki.

Sasa juzi tumefungua kasha lake. Paa lilivuja masika yote, majarida kama arubaini yameshikana, mengine yamekuwa tofali. Nimejaribu kulifungua moja, picha ikabaki ukurasa wa pili. Nikaacha hapo hapo. Kuna mtu anajua namna ya kuyaokoa?

Na jengine: nataka kumtengenezea ami mandhari moja kwa jina lake, yaani tukio zima kwa umbo dogo juu ya ubao: ile meli ya Sultani wa Zanzibar, Glasgow, ilivyozama mbele ya Beit al-Ajaib. Boksi lake sijaliona popote.

BintiShangani:

Wa alaykum salaam kaka. Mungu amrehemu ami yako.

Nimefanya kazi na makaratasi ya zamani, basi nisikilize kabla hujagusa jengine. Karatasi ile inayong'aa imepakwa udongo mweupe mlaini. Ukirowa unakuwa gundi, ukikauka hali kurasa zimebanana, basi tena. Yaliyokwisha kuwa tofali kavu sikupi matumaini ya uongo, mengi hayatafunguka.

Lakini yenye unyevu bado yana nafasi, na usiyaanike juani! Litie kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, uyaweke kwenye friza. Baridi inazuia ukungu usiendelee na inakupa muda. Kisha toa moja moja. Likiyeyuka, fungua taratibu lingali bichi, na kila baina ya kurasa mbili tia karatasi ya kuokea keki, isiyoshika. Lipulizie feni kwa mbali. Kazi ya siku nzima kwa jarida moja, usiharakishe. Ukungu uliokwisha kukauka ufute kwa brashi laini, nje ya nyumba, na ufunge pua.

MakonyoWete:

Kijana, umenirejesha mbali. Mie vitu hivi nilivijulia kwenye karatasi za rangi zilizokuwemo ndani ya maboksi ya kuunga ya kampuni ya Monogram, kazi za Mmarekani Shepard Paine, fundi wa mandhari. Alinifunza kwamba mandhari ni kisa, kifaru ni mmoja tu wa wasemaji. Kile kikombe chako ndicho kilichokuwa kikisema.

Kuhusu Glasgow, boksi la nini? Ile meli ilikaa chini baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, milingoti na bomba la moshi vikabaki juu ya maji mpaka mabaki yalipoondoshwa 1912. Chombo chenyewe hakionekani! Unachotaka ni bahari, milingoti na bomba.

Fanya kwa kipimo cha 1/350, yaani kila kitu kidogo mara 350 kuliko cha kweli. Milingoti chonga kwa vijiti vya meno, vipunguze unene kuelekea juu. Kamba tumia unywele: mmoja kwa kipimo hicho unakuwa kama kamba ya sentimita mbili na nusu, sawasawa kabisa. Bahari ni karatasi laini ya chooni iliyorowa gundi nyeupe, ivute kwa ncha ya brashi ufanye viwimbi, vidogo, maana bandarini si Nungwi siku ya kusi. Mchanga usitie. Chembe ya milimita moja hapo inakuwa jiwe la sentimita thelathini na tano.

Siku ukirudi kwenye vifaru vya 1/35, makonyo ya karafuu yanafanya magogo mazuri kuliko kitu chochote cha dukani, na usumba uliochambuliwa unafanya majani makavu. Huku Pemba makonyo hatununui.

Mkunazini72:

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana dada. Sikufikiria kabisa kwamba meli iliyozama haihitaji chombo. Nimekaa na neno hilo usiku kucha.

Majarida kumi na mbili nimeyakuta bado yana unyevu, yapo kwenye friza ya jirani anayeuza aiskrimu ya ukwaju, kaniachia rafu moja. La kwanza nimelifungua jana tokea asubuhi mpaka magharibi, kurasa sita tu zimechanika. La kikombe sijalifikia.

Makonyo nitumie kwa boti ya Ijumaa, nitakuja gatini mwenyewe.